Andalio la Somo la Kuanguka Baharini

Nyumba za Walimu, Chumba Na. 7,
S.L.P. 212.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naanza na goti lako kabla ya mambo mengine yote, maana Mama alinisomea ujumbe wako nikajua kabisa kwamba umepunguza makali ili tusiogope. Je, ile dawa ya kuchua imesaidia? Ngazi za pale kiwandani bado unazipanda, au wamekuhamishia cherehani ya chini kama ulivyoomba? Nimesikia pia kwamba daktari amekushauri ufanye mazoezi majini, nawe ukamjibu kuwa wewe na maji mnajuana kwenye sufuria tu. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Tafadhali nijibu ukweli kuhusu hilo goti, kwa sababu mimi leo nakuandikia ukweli mtupu na ningependa tuwe sawa.

Huku sote wazima. Baba amepata miwani, lakini bado anasoma gazeti akiwa amenyoosha mkono mpaka mwisho, eti mazoea. Bibi anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi. Kitinda mimba wetu sasa ananipita urefu kwa vidole viwili, na ananikumbusha kila nikienda nyumbani.

Mimi nina afya kuliko ninavyostahili. Usingizi unanichukua kabla sijamaliza kuvuta shuka. Pua imeungua jua na inabambuka, na mikono imekaza kiasi kwamba mikono ya lile gauni la kahawia ulilonishonea inanibana kidogo. Sababu utaiona hapo mbele, usiikimbilie.

Gauni lenyewe ndilo fahari yangu. Mifuko yake ni mirefu, chaki zinaingia nzima, na walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi fundi wangu yuko wapi. Nawaambia yuko mbali, na kwamba hapokei oda za watu wenye haraka.

Chumba changu hukijui, basi nikuelezee. Kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jikoni la shule, kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi niliouwekea kipande cha mbao, na kamba ya kuanikia nguo niliyoifunga toka misumari ya mlango hadi dirishani. Mgeni wa kwanza aliyeingia humu alipigwa usoni na taulo lililolowa. Alikuwa mwalimu mkuu. Tuliyamaliza.

Sasa kaa chini, Shangazi, na kama una kikombe cha chai mkononi kiweke mezani. Mwezi wa Januari ulinipigia simu siku ya mwisho kabla sijaja kuanza mazoezi ya kufundisha. Ulisema nimekaa majini tangu nikiwa na miaka saba, na kwamba mwaka huu mmoja niipe shule akili yangu yote. Nikakuahidi kuwa sitaikanyaga bahari mpaka nipate cheti. Ahadi hiyo niliitimiza kwa siku kumi na tisa.

Sikupanga kukudanganya. Nilipewa Darasa la Tano, watoto sitini na wawili, hisabati asubuhi na sayansi mchana. Wiki ya pili sauti ilikauka, wiki ya tatu nikawa nafundisha kwa kuandika na kunyoosha kidole. Jumamosi moja nikatembea hadi ufukweni, ambako kwa miguu ni dakika kumi na tano, niangalie tu. Pale kuna klabu ndogo ya watu wa ubao wa tanga. Ni ubao mpana kama mlango uliong'olewa, umesimikwa mlingoti na tanga. Unasimama juu yake, unashikilia tanga kwa mikono miwili, na upepo unakuvuta. Kocha wao ni fundi friji siku za kazi, na hilo ndilo jina lake kwa kila mtu, Fundi Friji. Aliniomba nimshikie mlingoti mara moja wakati anafunga kamba. Nikashika, na habari yangu ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa na maisha mawili na nimeyapenda yote mawili. Jedwali la maji kujaa na kupwa nimelibandika ndani ya jalada la daftari langu la baharini. Siku ambazo maji yanajaa alfajiri, saa kumi na moja na nusu niko majini, saa moja kasoro natoka mbio, napitia bomba la uani, na saa moja na nusu kengele inanikuta mlangoni mwa darasa nikiwa ndani ya gauni lako. Kitu kimoja tu hunishinda, nacho ni masikio. Chumvi hukauka nyuma ya masikio ikawa nyeupe, watoto wakaiona, na kuanzia Machi mimi huitwa Mwalimu Chumvi. Hata barua za ruhusa kutoka kwa wazazi huja na jina hilo.

Lakini cha kukueleza zaidi ni desturi ya pale klabuni, kwa sababu ndiyo iliyonipeleka nilipo. Ukianguka na ubao wa tanga, huruhusiwi kupanda tena kimyakimya. Ukishatoa kichwa majini unapaza sauti kwamba umeanguka, unataja umeangukia wapi, yaani kosa lilikuwa la mguu, macho, mkono au haraka, na wote waliopo wanakujibu kwa neno moja: panda. Kwa hiyo kila anguko linakuwa somo la watu kumi. Siku ya kwanza niliona aibu hadi nikajifanya nimezama. Siku ya pili nilianguka mara ishirini na sita na koo likakauka kwa kutaja.

Na kwa kuwa chuo kilitukaririsha andalio la somo mpaka nikawa naandalia hata kufua mashuka, nilianza kuandika mazoezi yangu ya baharini kwa mtindo ule ule. Nilinunua daftari la pili la jalada gumu la kijivu, sawasawa na lile la shule, kwa sababu dukani hakukuwa na rangi nyingine. Nakunukulia ukurasa mmoja ucheke:

Somo: Kunyanyua tanga kwenye upepo mkali.
Lengo: Hadi mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kuanguka mara kumi bila kumlaumu mtu.
Vifaa: Ubao, tanga, jaketi la kuokolea, moyo.
Tathmini: Mwanafunzi ameanguka mara kumi na nne. Amemlaumu kocha, upepo na serikali.
Maoni: Somo lirudiwe Alhamisi, maji yakijaa.

Mei alikuja mkaguzi wa chuo kunipima mara ya kwanza. Ni mzee mrefu, mpole wa maneno, ana kalamu nyekundu tatu mfukoni kana kwamba moja haitoshi kwa makosa yetu. Nilifundisha vizuri, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Aliandika kwamba mwalimu analijua somo lake ila darasa zima halikuuliza swali hata moja, na kwamba watoto wanaogopa kukosea kuliko wanavyotaka kujua. Akanipa alama ya chini kabisa inayopatikana bila kufukuzwa. Nikipata ya namna hiyo mara ya pili, nitarudia mwaka mzima.

Nililia, Shangazi. Nililia kwenye chumba cha kuhifadhia madawati mabovu, na mwalimu mlezi wangu akanikuta humo. Huyo ni mama wa miaka hamsini na kitu, watoto humwita Mama Rula kwa ajili ya rula ya mbao asiyoiacha, ingawa sijamwona akimchapa mtu nayo hata siku moja. Alipangusa dawati, akaketi kando yangu, akanitazama nyuma ya masikio.

"Mwanangu," akasema, "chagua. Chaki au chumvi."

Nikachagua chaki. Nilikukumbuka wewe, nikaona kwamba nimeshikwa kwa ahadi niliyoivunja, na ilikuwa haki yangu kushikwa. Jumamosi iliyofuata nikaenda klabuni kurudisha jaketi la kuokolea. Fundi Friji alikuwa amekaa bandani anashona tanga lililochanika, na akataka kujua kulikoni. Nikamsimulia yote, mkaguzi, alama, darasa lililo kimya, watoto wanaoficha daftari kwa kiwiko wasionekane wamekosea. Akakata uzi kwa meno.

"Na wewe darasani ukianguka, huwa unataja?" akauliza.

Nikikosea ubaoni nilikuwa nafuta haraka kwa kiganja kabla mtoto hajaona. Nilirudi nyumbani na jaketi langu mkononi.

Jumatatu nikaanza. Niliwaeleza watoto desturi ya klabu bila kuwaambia imetoka wapi, ingawa walishajua, hawa watoto wanajua kila kitu. Anayekosea anasimama, anasema ameanguka, anataja ameangukia wapi, na darasa linamjibu apande. Siku tatu za kwanza zilikuwa vurugu tupu. Kuna waliokosea makusudi ili waitikiwe. Mmoja alitangaza kwamba ameangukia kwenye tumbo kwa sababu hajala. Mama Rula alikuja mlangoni mara mbili kuuliza kama kuna moto. Lakini wiki ya tatu kelele zikapungua na mikono ikaongezeka, nikaanza kuona viwiko vinaondoka juu ya madaftari. Nakwambia kweli, hakuna zawadi niliyowahi kupewa iliyonifurahisha kuliko kuona vile viwiko vikiondoka.

Isipokuwa kiwiko kimoja. Msichana mmoja wa dawati la mwisho, ambaye wenzake humwita Kimya, hakuwahi kusema ameanguka wala amepanda. Nilimwacha. Hata pale klabuni yupo mtu aliyekaa mwezi mzima ufukweni akitazama kabla hajalowa.

Basi, wiki hii iliyopita mkaguzi alitakiwa kuja Alhamisi. Jumatano maji yalijaa alfajiri na upepo ulikuwa mzuri, nikaenda majini kutuliza moyo. Nilibadilisha nguo kwenye banda la klabu, nikabeba mfuko, nikakimbia. Nafika getini, namwona mkaguzi anashuka kwenye pikipiki na kalamu zake tatu. Amekuja siku moja kabla. Mama Rula alinipungia mkono kwa mbali kama mtu anayeaga meli.

Utaratibu ni kwamba kabla hujaanza unaweka daftari la maandalio kwenye dawati la nyuma, mkaguzi anasoma wakati unafundisha na kulinganisha. Nikatoa daftari la kijivu, nikaliweka mbele yake kwa heshima zote, nikaenda ubaoni. Nilikuwa nimeandika tu kichwa cha somo, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, nilipogeuka nikaona amefungua jalada. Ndani ya jalada kulikuwa na jedwali la maji kujaa na kupwa.

Daftari la shule lilikuwa limebaki bandani, chini ya matanga, na mkaguzi alikuwa anasoma jinsi nilivyoilaumu serikali. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akafungua ukurasa mwingine. Mimi nikawa nafundisha kwa mdomo huku macho yote yako kule nyuma. Nikaandika nusu jumlisha theluthi. Nikazigeuza vizuri kuwa tatu ya sita na mbili ya sita. Kisha nikajumlisha juu, nikajumlisha na chini, nikaandika tano ya kumi na mbili, kosa lile lile nililowakataza wiki nzima.

Penseli zikaacha kuandika. Nikajua kuna kitu, ila sikukiona. Ndipo nikaona mkono umenyooka kutoka dawati la mwisho, pembeni kabisa ya mkaguzi, na ulikuwa mkono wa Kimya.

"Mwalimu," akasema, "umeanguka."

Nilikuwa na sekunde moja ya kuchagua, Shangazi, na kiganja changu kilikuwa tayari kimeinuka kufuta. Nikakishusha. Nikamwomba anisaidie kutaja nimeangukia wapi. Akasimama. Sauti yake sikuwahi kuisikia, ni nzito kidogo, ya mtu anayefikiri kwanza. Akaeleza kwamba nimeangukia kwenye asili, kwamba zikishakuwa sawa haijumlishwi tena, na jibu ni tano ya sita. Mimi nikageukia darasa zima na mkaguzi humo ndani, nikasema kwa sauti ya klabuni: "Nimeanguka. Nimeangukia kwenye asili, kwa sababu macho yangu yalikuwa nyuma ya darasa."

Watoto sitini na wawili wakajibu, panda. Madirisha yalitikisika. Nikapanda.

Kilichofuata sikukifundisha mimi, kilijifundisha. Walianguka na kupanda, wakasahihishana, wakauliza maswali mpaka mengine sikuyajua nikawaahidi kuyatafuta. Kengele ilipolia, Kimya alikuwa ubaoni amejaa chaki hadi nyusi, anamweleza mwenzake.

Mkaguzi alinisubiri darasa litoke. Nikaanza kuomba radhi kwa daftari, akainua kidole ninyamaze. Aliniuliza jambo moja tu, kwa nini kila tathmini inahesabu maanguko, na nikamweleza desturi ya klabu. Akanirudishia daftari akaondoka. Nilipofungua, nikakuta chini ya andalio langu la mwisho, pale pa Maoni, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mwalimu ameanguka mbele ya darasa na hakujificha. Ndicho nilichokitafuta Mei. Alama mbili zimekatwa kwa kuleta daftari lisilohusika." Fomu yenyewe ilifika Ijumaa. Nimefaulu, Shangazi. Nimefaulu vizuri, hata baada ya kukatwa hizo mbili.

Mama Rula aliisoma fomu mara tatu, akaenda kuufunga mlango wa ofisi, akanikumbatia, akaufungua tena kama vile hakuna kilichotokea. Kisha akasema kwamba Jumamosi atakuja kuitazama hiyo bahari inayomharibia mwanafunzi wake masikio, ila nisimtegemee kulowa.

Akaja kweli, jana. Akatandika kanga chini ya kivuli cha banda, akaketi wima, rula ikichungulia mkobani mwake. Kila aliyeingia majini alimwachia viatu, akavipanga kwa ukubwa. Nilipotoka na kumwona amekaa hivyo katikati ya viatu vya watu, moyo ulinijaa wewe. Nikaikumbuka miaka yote ile, sisi tukipiga mbizi na wewe ukiwa umekaa mchangani na viatu vya ukoo mzima mapajani, ukitupigia kelele tusiende mbali. Wala hukuwahi kulowa juu ya kifundo. Tulikuwa tunakuita mlinzi wa viatu na wewe ulicheka nasi, na mimi sikuwahi kuuliza kama ulikuwa unatamani kuingia.

Kwa hiyo naomba unisamehe kwa ahadi niliyoivunja. Nimeona aibu miezi yote hii kila uliponiuliza kwa simu kama bahari imepona bila mimi, na nikakujibu kwamba imepona. Ningeweza kunyamaza mpaka cheti kitoke, lakini baada ya Jumatano nisingeweza kuwatazama wale watoto. Basi nataja: nimeanguka, Shangazi, nimeangukia kwenye kukuficha. Nasubiri unijibu lile neno moja.

Likizo yako ya Desemba usiibadilishe. Mama ameshaanza kupaka rangi chumba chako, Bibi anatangaza kwamba safari hii unalala kwake, na Baba amekaa pembeni akisubiri mshindi. Mimi nitakupokea na kukuleta hapa siku mbili. Daktari amesema majini, na mimi ni mwalimu.

Nisalimie yule rafiki yako mnayeshona naye meza moja, na binamu yangu, mwambie picha za mtoto zimefika na ana masikio ya Baba, pole zake. Bibi, Baba, Mama na kitinda mimba wote wanakusalimu, na Mama Rula pia, ambaye sasa anakujua vizuri. Mungu akulaze salama, akulainishie ngazi, na akufikishe kwetu ukiwa na magoti mawili yanayosikilizana.

Nimechana ukurasa mmoja wa daftari la kijivu nikauweka humu ndani ya bahasha. Ni wako.

Mimi wako akupendaye, kavu au nikiwa nimelowa,
Mwalimu Chumvi.

Somo: Kuelea.
Darasa: Shangazi mmoja.
Muda: Mpaka atakapochoka kuogopa.
Lengo: Hadi mwisho wa kipindi, maji yawe yamempita magoti yote mawili, zima na bovu.
Vifaa: Mikono yangu miwili chini ya mgongo wake.
Tathmini: Itajazwa siku hiyo, kwa kalamu nyekundu.
Maoni: Viatu vimeshapata mlinzi.